Picha za Nyumba ya Jirani

9 Januari

Chiriku wangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na kamera yako. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi lina maoni yake kuhusu kila ngazi. Paka ni mzima kunishinda. Mwalimu aliyepanga chumba cha nyuma amepata uhamisho, ameniachia ukimya na ndoo mbili zilizotoboka. Cherehani bado inaimba. Wiki hii nashona sare za wauguzi kumi na wawili, na kila mmoja amekuja peke yake kuniomba nimpunguzie kiuno kidogo, wenzake wasijue. Nguo kumi na mbili, siri kumi na mbili.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nina jirani mmoja, wewe humjui, amehamia juzijuzi tu. Anataka kuuza nyumba yake. Ameniuliza, "Yule mtoto wa kaka yako si ndiye anayepiga picha za nyumba zinazouzwa?" Nikamwambia ndiye. Basi anauliza: mtu akitaka kupiga picha za ndani kwake, vyumba vimpendeze mnunuzi, afanyeje? Eleza kwa kirefu, jirani mwenyewe ni mzito wa kuelewa.

Nijibu kwa barua. Simu na mimi unajua hatuelewani.

Shangazi yako

27 Januari

Shikamoo Shangazi,

Goti lipe pole zangu. Mimi sijambo, ila nimechoka kupanda orofa nne kila jioni na mkoba wa kamera begani. Jirani yangu wa juu amenunua tarumbeta. Anajua wimbo mmoja, na huo wenyewe anaujua nusu.

Shangazi, kwa nini tusiongee kwa simu kama watu wengine? Barua yako imekaa njiani siku kumi na moja. Jirani wako angeshauza, akanunua nyingine, akaiuza na hiyo. Halafu amehamia juzijuzi na tayari anauza? Nyumba ina nini?

Haya, mwambie hivi. Apige saa nne asubuhi, mapazia yote yakiwa wazi. Asimame kwenye kona, mgongo uguse ukuta, na kamera aishike usawa wa kifua. Ukipiga kutoka juu chumba kinaonekana kama kisima. Kabla ya hapo aondoe kalenda, viatu, ndoo, dawa za mswaki na picha zote za ukoo, maana mnunuzi anataka kujiona yeye mle ndani, hataki kutazamwa na shangazi za watu. Kifuniko cha choo kifungwe. Hilo mwambie mara mbili. Niliwahi kupiga nyumba nzuri ya vyumba vitano, na kitu pekee alichokikumbuka mnunuzi ni choo kilichokuwa wazi. Tena ajihadhari na vitu vinavyong'aa, asije akajipiga picha mwenyewe.

Kazini tunacheka kila siku. Dalali wetu tumempa jina la Bwana Upana, na sidhani kama kuna anayekumbuka alilopewa na wazazi wake. Ana lenzi moja pana inayozisukuma kuta, na kila chumba anataka kipigwe nayo. "Kipanue! Kipanue!" Juzi nimepiga bafu ambalo mtu akijisugua mgongo lazima kiwiko kitokeze dirishani. Kwenye tangazo limekuwa ukumbi wa mikutano. Tulicheka mpaka tukashika meza.

Chiriku

20 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Hapa kwema. Wauguzi wamevaa sare zao, na kwa kuwa wote wamepungua kiuno kwa kiasi kilekile, hakuna aliyemshinda mwenzake. Wananitazama kwa lawama. Mwenye tarumbeta mpelekee keki; mdomo uliojaa haupulizi.

Jirani amefuata maneno yako yote, hata la choo. Nakuletea picha sita. Zimepigwa na rafiki yake aliyeazima kamera, mtu mwangalifu sana, alitumia asubuhi nzima. Ziangalie kwa jicho la kazi, umwambie kama zitamleta mnunuzi.

Paka unayemwona juu ya kiti ni wa jirani pia. Amefanana na wetu.

Shangazi yako

3 Machi

Shikamoo Shangazi,

Natumaini barua hii itakukuta salama.

Picha nimezipata. Mwanga mzuri, choo kimefungwa. Ila nina maswali kwa jirani. Swichi ya sebuleni kwake iko kichwa chini. Ile ya kwetu baba aliipachika kichwa chini mwaka nilioanza shule, akakataa katakata kwamba amekosea, na tangu afariki kila fundi aliyetaka kuigeuza umemfukuza. Je, jirani naye alikuwa na kaka mbishi? Na paka wake naye aliumwa sikio la kulia na mbwa wa muuza maziwa?

Shangazi, hiyo ni nyumba yetu. Mliijenga wewe na baba, tofali kwa tofali. Ulinilea humo. Kila siku naingia nyumba za watu kuzipigia picha ziuzwe, na habari za kuuzwa kwa yetu nazipata ndani ya bahasha, zimevalishwa nguo za jirani.

Unaumwa? Goti limekuwa baya kiasi hicho? Niambie tu.

Kazi inakwenda. Ni hayo.

Mtoto wa kaka yako

19 Machi

Mtoto wa kaka yangu (naona leo hatuna majina),

Marahaba. Siumwi. Goti ni lilelile, na paka anakusalimu kwa sikio moja na nusu.

Nimekamatwa. Ndiyo, ni nyumba yetu. Lakini usidhani nilitaka kukuzunguka. Hati ina majina mawili, langu na la baba yako, na la baba yako sasa ni lako. Bila saini yako hauuziki hata mlango wa choo. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, siku zinakwenda, pa kuanzia sipaoni; nikaona nianzie kwa jirani. Nilisahau kwamba nilikulea mwenyewe na macho yako nayajua.

Sababu ya kuuza ninayo, wala si mbaya. Ila ikifika mdomoni inaniwasha, nameza. Nipe muda.

Sasa tuje kwako. "Kazi inakwenda." Inakwenda wapi? Barua nzima hakuna tusi hata moja kwa Bwana Upana. Mwenye tarumbeta hayumo. Na anwani nyuma ya bahasha si ile ya orofa nne. Mimi ni mshonaji, mwanangu. Nguo ikikaa upande, sihitaji kuambiwa ni mshono gani uliofumuka. Ama Bwana Upana amekufa, ama amekufukuza.

Andika.

Shangazi yako

2 Mei

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe kwa ukimya. Barua hii nimeianza mara tano. Mimi mzima. Nakaa chini sasa, chumba kimoja, mlango unafunguka barabarani, hakuna ngazi wala muziki. Ungekipenda kwa ajili ya goti.

Hajafa.

Mwezi wa pili nilitumwa kupiga nyumba fulani. Jirani yake ilikuwa ile niliyoipiga miezi mitatu nyuma kwa lenzi ya Bwana Upana, na ilikuwa imeshauzwa. Barazani nikaona kitanda kimesimamishwa wima, kimeegemea ukuta kama mlevi. Pembeni mama mmoja mzee amekaa juu ya godoro lililoviringishwa, mkononi ana lile tangazo letu. Akaniita, "Mwanangu, wewe una macho mazuri. Hebu nionyeshe, hiki cha kwenye picha ni chumba kipi?"

Kitanda chao hakikuingia chumbani, Shangazi. Ni cha mbao nzito, walikinunua mwaka waliooana. Waliiona picha, wakahesabu kwa macho, wakauza walikokuwa wakikaa. Walikuja kuitazama nyumba mara moja tu, ikiwa tupu, na unajua chumba kitupu kinavyodanganya.

Nikamwambia aliyepiga ni mimi. Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Mumewe, fundi viatu mstaafu, alitoka ndani akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasema, "Kumbe ndiye wewe mganga! Umepanua chumba bila kubomoa ukuta. Haya, rudia dawa yako tuingize kitanda." Akacheka sana. Mimi nikacheka naye, kisha nikaenda kituoni nikalia mbele za watu.

Kesho yake nikamwambia Bwana Upana sipanui tena.

"Wewe ni mpiga picha au mpima viwanja?" akaniuliza.

"Nataka picha ifanane na chumba."

"Basi nenda kapige za pasipoti. Hizo lazima zifanane."

Na ndiko niliko. Studio ndogo nyuma ya duka la vifaa vya shule. Kutwa nzima nawaambia watu wasicheke. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nimekusimulia ule mzaha wa bafu, na nilijua utaukumbuka.

Lakini usifikiri nimekuja mikono mitupu. Huku studio tuna kioo cha kukuzia. Jumapili iliyopita nilizitoa zile picha zako sita nikazikagua upya. Ile ya jikoni. Juu ya jiko kuna birika, limesuguliwa likang'aa kama mwezi. Ndani ya birika yumo mwanamume. Ana upara, amevaa tai, na ana tumbo, ingawa tumbo pengine ni la birika. Amefumba jicho moja na ncha ya ulimi imemtoka, kama mtu aliyeamua kufanya jambo moja vizuri maishani mwake.

Shangazi, mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Nani huyo?

Chiriku

11 Mei

Chiriku wangu,

Marahaba, tena marahaba mara mbili. Angalia tarehe uone nilivyokujibu haraka.

Kwanza la kazi. Nilipokuwa na miaka kama yako niliharibu gauni la bibi harusi, nikaficha kasoro kwa maua ya kitambaa. Katikati ya sherehe ua likadondoka. Niliacha kushona wiki mbili. Kisha nikarudi, na tangu hapo mteja wangu namwambia kasoro kabla hajavaa. Umefanya vema. Lakini kuhama nyumba bila kuniambia, hilo tutazungumza.

Pili. Nilisugua lile birika mwenyewe, lipendeze. Sijui nimlaumu nani.

Ni wa posta. Dirisha la tatu. Huyo ndiye anayepokea kila barua ninayokuandikia. Anaiweka kwenye mizani, anabandika stempu imenyooka utadhani ameipima kwa rula, kisha ananitazama usoni na kusema, "Hii itafika." Mwaka wa kwanza nilikuwa namjibu, "Asante." Mwaka wa pili nikaanza kuandikia na jamaa wengine, mara mbili kwa mwezi. Sasa umejua kwa nini mimi na simu hatuelewani.

Mkewe alifariki miaka tisa iliyopita. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana aliniuliza, hapohapo dirishani, foleni nyuma yangu: "Mama, barua zote hizi unaandikia wengine. Mimi nikikuandikia, utajibu?" Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu na kifurushi akasema, "Mjibu, tuna haraka."

Nina miaka sitini na mmoja. Maisha yangu yote nimekuwa nikiwatania wateja kwamba gauni la harusi baada ya hamsini halina kipimo. Niliogopa utanicheka. Tena kilichonikaba zaidi, niliogopa utaona ninamtoa kaka yangu nje ya nyumba yake ili nimwingize mgeni.

Tulijaribu kutouza. Kwake kila kijiko kiko palepale alipokiweka marehemu. Nikikisogeza naona haya. Kwangu yeye anakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Tukaona hapana. Tuuze zote mbili, tununue moja ambayo hatuijui wote, tuijue pamoja.

Lakini picha zake hazijamleta mtu. Amekuja mmoja tu, akauliza kama paka anauzwa pamoja na nyumba.

Nyumbani hujafika miaka mitatu. Njoo upige wewe. Kuhusu saini, usiniahidi kitu. Njoo kwanza.

Shangazi yako

14 Juni

Shikamoo Shangazi,

Nimefika salama. Mkate ulionifungia niliumaliza kabla ya safari kufika nusu, na aliyekaa karibu nami alikula yai moja kwa kulitazama tu mpaka nikampa. Studio nimekuta wateja wamenisubiri wamenuna, ambayo kwa kazi yetu ni faida.

Yapo niliyoshindwa kuyasema nikiwa hapo, nayasema sasa kwa kuwa huwezi kunikatiza.

Nilipokuwa nazipiga nyumba zote mbili, yako na ya Bwana Posta, ulinifuata kila chumba ukilalamika. "Unapiga mpaka ukungu wa dari? Nani atanunua ukungu?" Ukaona nimeweka kiti kilekile katika kila chumba, ili mtu ajue kwa kukilinganisha chumba kina ukubwa gani, ukaniuliza kama nauza nyumba au nauza kiti. Nilipoandika chini ya picha ya chumba changu cha zamani, "Kitanda kimoja na meza, viwili haviingii," ulitoka nje kwa hasira. Nilikuona dirishani ukimshtakia Bwana Posta. Yeye alikuwa anaitikia kwa kichwa huku anasoma karatasi yangu na kutabasamu.

Halafu ile karatasi ya saini. Nilikuomba uniache peke yangu saa moja. Mkasema mnakwenda kununua mkate. Mkarudi baada ya saa mbili na mkate mmoja.

Nilipita chumba hadi chumba kumtafuta baba. Nilidhani yupo kila kona, na kwamba nikitia saini namfukuza. Nikakaa kwenye ngazi nikamsubiri. Shangazi, nilichokiona ni wewe. Pini kwenye nyufa za sakafu. Nyuzi za rangi zote chini ya kochi. Alama ya pasi mezani, siku ile nilipolazwa hospitali ukaiacha ikiwaka, ukaondoka na nguo ya mteja mkononi badala ya mkoba. Baba aliishi humo miaka minne. Wewe umeishi humo miaka ishirini na miwili, na kumi na minane kati ya hiyo ulikuwa unanishonea mimi maisha. Nyumba yako ulikuwa unaniomba ruhusa mimi. Niliona aibu, nikatia saini kabla hamjarudi. Ndiyo maana mliponikuta nilikuwa nakaanga mayai nikijifanya sina habari.

Bwana Posta aliponisindikiza kituoni aliunyanyua mkoba wangu kwa mkono mmoja, akasema, "Kilo kumi na moja na nusu." Tukaupima pale kwenye mizani ya mizigo. Kilo kumi na moja na nusu. Kisha akaniuliza taratibu, "Shangazi yako hukasirika mara ngapi kwa wiki?"

Nikamwambia, "Inategemea wiki."

"Hata mimi nimeona hivyo," akasema. "Nilikuwa natafuta shahidi."

Nimempenda, Shangazi. Na tumbo si la birika.

Chiriku

28 Julai

Chiriku wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama dirisha la tatu, sikuweza kungoja kufika nyumbani. Ikabidi mtu anipe kiti upande wa ndani wa kaunta, ambako wateja hawaruhusiwi. Sitasema zaidi.

Tangazo lako lilibandikwa ubaoni pale posta, na sasa nikupe habari. Walikuja watatu. Wa kwanza akasema nyumba ina ukungu. Nikamwambia, "Si umeandikiwa?" Akasema alidhani ni mzaha. Wa pili alipenda kiti.

Wa tatu ni mwanamke, dereva wa lori, mabega kama kabati, ana mabinti wawili. Alikuja na picha zako mkononi na futi ya kupimia. Akaingia chumba hadi chumba, anatazama picha, anatazama ukuta, anapima, anasonga mbele. Mimi nyuma yake na goti langu, kama nafanya mtihani. Jikoni akapanda juu ya kiti, akaugusa ule ukungu wa dari kwa kiganja.

"Huu ndio ulionileta," akasema.

Nikamwambia, "Mama, usinitanie."

"Sikutanii. Nimekagua nyumba kumi na moja ambazo kwenye picha hazikuwa na doa. Zote zinavuja. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Ninyi ila yenu mmeibandika ubaoni. Nikasema, hawa kama wamenionyesha hili, hawana lingine la kunificha."

Mabinti wakapanda ngazi mbio, nikasikia wanagombania chumba chako. Mkubwa anasoma kwa sauti, "Viwili haviingii! Kwa hiyo ni changu peke yangu!"

Nikaenda jikoni kuchemsha chai. Nililia kidogo huko, nikiwa nimeelekea ukutani. Maji yakachemka, nikaona hayawezi kuningoja, nikaacha.

Tumekubaliana. Ya Bwana Posta imechukuliwa na wenye duka la mikate, wamependa jiko lake. Siku ya kukabidhi vijiko vya marehemu mkewe kwa dada wa marehemu nilikwenda naye. Alivifunga kimoja kimoja kwenye karatasi kama vifurushi. Nilimsaidia kukata kamba mpaka tulipomaliza.

Sasa sikiliza. Tarehe 23 Agosti, saa nne asubuhi, ofisi ya msajili wa ndoa. Gauni nashona mwenyewe. Nimegundua lina kipimo.

Shangazi yako

9 Agosti

Shikamoo Bibi Harusi,

Nimeshakata tiketi. Nitafika tarehe 21. Nipimie nami gauni, kiuno usikipunguze. Yale ya wauguzi yametosha.

Nilikwenda kuwaona wale wazee wa kitanda. Nilikuwa nimenuia kuomba msamaha vizuri, nikiwa nimejipanga maneno. Fundi viatu hakunipa nafasi. Amekata ubao wa miguuni kwa msumeno, kitanda kimeingia, na usiku miguu yake inabaki nje. Anasema inapata hewa ambayo haijawahi kuipata tangu azaliwe. Mkewe amenipa kazi: mdogo wake anauza nyumba. "Mpigie kama ilivyo," akaniambia. "Na dari uipige." Sijui habari za dari zilimfikiaje, labda nilimsimulia mwenyewe. Nikishaanza kuongea unanijua.

Ya kuchekesha nimeyaweka mwisho. Jumanne mlango wa studio ulifunguka, akaingia Bwana Upana. Anataka picha ya pasipoti. Alipogundua ni mimi alitaka kugeuka, ila nje kulikuwa na mvua. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikamwambia asicheke.

Akasema kwa sauti ya chini, "Mashavu. Unaweza kuyapunguza kidogo?"

Nikamjibu, "Hapa hatupunguzi wala hatupanui."

Shangazi, alicheka mpaka kigoda kikalia. Nimeharibu picha nne. Alipotulia aliniambia wateja watatu wamemrudia na malalamiko, na mmoja amedai picha mpya zipigwe na mtu mwingine. Akaniuliza kama nitamfanyia, kwa lenzi yangu. Nikamwambia sina haraka, aniandikie barua.

Alidhani natania. Nikampa anwani.

Chiriku

5 Septemba

Chiriku wetu,

Marahaba kutoka kwa wawili. Mume wangu (naliandika neno hili taratibu ili nilizoee) yuko mbele yangu, anajifanya anasoma gazeti, kumbe amelishika kichwa chini, anamsoma anayemsoma kila siku, yaani mimi. Salamu zake anasema zina uzito wa gramu ishirini, zisizidi, vinginevyo stempu itaongezeka.

Tangu uondoke tumehamia. Tulibeba kidogo kuliko tulivyodhani. Paka alikaa ndani ya kabati siku mbili, ya tatu akatoka akachagua kiti kizuri kuliko vyote. Yule dereva wa lori alitubebea mizigo kwa gari lake, akakataa chai, akasema mabinti wamebaki peke yao na nyumba bado haijawazoea.

Asubuhi ya kwanza niliamka kabla yake nikaenda kuchemsha chai. Nikafungua mlango niliodhani ni wa jikoni, nikajikuta mbele ya mafagio. Nikafungua mwingine, bafu. Nikasikia naye kaamka, anatafuta bafu, anafungua jikoni. Tukakutana katikati ya ukumbi, yeye ana taulo begani, mimi nina kijiko, wote hatujui tunakwenda upande gani. Miaka sitini na kitu kila mmoja, na tumepotea nyumbani kwetu. Tulicheka mpaka nikakaa chini sakafuni, na goti likakubali bila ubishi.

Ulipoondoka uliniomba nikutumie picha za nyumba mpya. Nilimwambia mume wangu aazime kamera. Akaishika, akazunguka chumba hadi chumba, akasimama kwenye kona mgongo ukigusa ukuta kama ulivyotufundisha. Kisha akairudisha kwenye mkoba wake.

"Hapana," akasema. "Akiziona picha, ataridhika."

Kwa hiyo picha hatuleti. Nyumba ina vyumba vitatu. Cha kwanza chetu, cha pili cha cherehani. Cha tatu kina madirisha mawili, na nimeshakishonea mapazia. Ukitaka kujua ni makubwa kiasi gani, panda gari uje ulale humo.

Shangazi yako, na wa dirisha la tatu